Paja la Pofu Ndani ya Jiko la Presha: Yanayoiva na Yasiyoiva

Nyamuswa iko mahali ambapo shamba na pori hukaribiana. Msafiri atokaye Bunda kwa barabara ya kuelekea mashariki huliacha ziwa mgongoni na kuingia nchi ya Waikizu, nchi ya vilima vya mawe, mashamba ya muhogo, mtama na pamba. Akiendelea upande huohuo atafika Nata na Ikoma, na baada ya hapo huanza mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, kisha Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kati ya Mei na Julai misafara ya nyumbu hupita katika ukanda huo wa magharibi. Haishangazi basi kwamba nyama ya porini ina nafasi yake katika kumbukumbu za jikoni za watu wa hapa, na kwamba wazee wanaweza kueleza tofauti ya ladha kati ya pofu na nyamera bila kusitasita.

Kilichobadilika ni jiko. Kadiri umeme unavyosambaa vijijini kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), jiko la umeme la presha, ambalo wengi huliita kwa kifupi presha kuka, limeanza kuonekana katika nyumba ambazo jana tu zilijua mafiga matatu pekee. Pamoja na jiko hilo huja maswali mawili. La kwanza ni la mpishi: je, paja zima la windo laweza kuiva humo likawa laini? La pili ni la afya: je, joto lile kali linaifanya nyama yoyote iwe salama? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na maelezo yake yanafuata. Jibu la swali la pili ni hapana, na hapana hiyo yaweza kuokoa uhai wa mtu.

Vitabu vya mapishi vya Ulaya na Marekani vinapozungumzia windo la kuokwa, humaanisha nyama ya paa wakubwa wa misitu ya nchi za baridi. Wanyama hao hawapo Mara. Lakini pofu, nyumbu, nyamera na swala pala wana mnofu wa tabia ileile: mwekundu sana, wenye nyuzi nyingi na mafuta machache. Mapishi yale yanahamishika, ila yanahitaji marekebisho mawili ambayo vitabu hivyo haviyataji: mwinuko wa nchi, na mahali nyama ilikotoka.

Tuanze na mahali ilikotoka. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, anayekutwa na nyama ya porini bila kibali hushtakiwa kwa kosa la kupatikana na nyara za serikali, kosa ambalo limezitenganisha familia nyingi za ukanda huu na baba zao kwa miaka mingi. Mwaka 2020 zilitungwa kanuni za uuzaji wa nyamapori, zikafungua mlango kwa bucha zilizosajiliwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Nyama ya bucha hizo hutoka kwa mnyama aliyepatikana kihalali, hukaguliwa, huhifadhiwa kwenye ubaridi na kuuzwa kwa risiti. Nyama hiyo pekee ndiyo inayozungumzwa katika mapishi yaliyomo humu. Asiye na bucha ya namna hiyo karibu naye anaweza kutumia paja la mbuzi mzee au la ng'ombe wa kienyeji aliyechinjwa machinjioni na kupigwa muhuri. Njia haibadiliki, na wengi hawatatambua tofauti kubwa mezani.

Kwa nini windo huwa gumu

Mnyama anayekimbia maisha yake yote hujenga misuli iliyofungwa kwa nyuzi imara za kolajeni. Nyuzi hizo ndizo zinazomfanya mtafunaji achoke taya. Joto likishirikiana na unyevu kwa muda wa kutosha huzigeuza kuwa jelatini, ule ute unaofanya mchuzi uwe mzito na midomo inate. Kazi hiyo huanza polepole joto la nyama linapofika nyuzijoto 70 hivi, na huharakishwa sana kadiri joto linavyopanda. Wakati huohuo mnofu wenyewe hukamuliwa maji yake. Katika nyama ya ng'ombe aliyenona, mafuta huficha ukavu huo. Windo halina kificho: gramu 100 za mnofu wake kwa kawaida huwa na gramu tatu hivi za mafuta, pengine pungufu. Ndiyo maana bega la nyumbu lililochomwa juu ya mkaa huwa kamba nje na bichi ndani, hata likichomwa na mtu hodari.

Wapishi wa zamani walilijua hilo bila kutaja kolajeni. Walichemsha nyama kwa saa tatu au nne, wakiongeza maji na kuni. Gharama ya saa hizo iliingia katika mapafu yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kwamba zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Nimonia ya mtoto anayebebwa mgongoni karibu na mafiga, na kikohozi kisichokwisha cha bibi aliyepika kwa kuni kwa miaka 50, ni habari ambazo mhudumu yeyote wa zahanati anazifahamu kwa sura na si kwa takwimu. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Taasisi ya TaTEDO ilikuwa imekwisha kulijaribu na kulitangaza jiko la umeme la presha nchini kabla ya mkakati huo, kwa vyakula ambavyo hula kuni nyingi: maharage, makande, nyama ngumu.

Hesabu yake si ya kutisha. Jiko la wati 1,000 huvuta umeme wote huo kwa dakika 15 hadi 20 za mwanzo tu, mpaka presha ijae. Baada ya hapo hujiwasha na kujizima lenyewe ili kulinda joto, kwa kuwa sufuria yake imezungukwa na ganda lisilopitisha joto upesi. Paja la saa moja na robo hutumia nusu uniti hivi. Kwa mteja wa kawaida wa majumbani anayelipa shilingi 350 na ushei kwa uniti, hiyo ni chini ya shilingi 200 kwa chakula cha watu wanane. Kinachouma ni bei ya kununulia jiko lenyewe, na hapo ndipo vikundi vya kuweka na kukopa vinapofaa kuliko hotuba.

Mwinuko, jambo lisiloandikwa kwenye boksi

Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 pwani, kwa mfano Tanga au Bagamoyo. Mara si pwani. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Nyamuswa, iliyo ndani ya bara, iko juu zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Ndiyo sababu maharage ya Bunda huchukua muda mrefu kuliko maharage yaleyale yakipikwa Dar es Salaam, na mpishi asilaumiwe.

Jiko la presha hulipa deni hilo. Mvuke uliofungiwa huongeza presha ndani ya sufuria, na maji hayawezi kuchemka mpaka yapate joto zaidi. Majiko mengi ya umeme hufanya kazi kwa presha ya kilopaskali 70 hivi juu ya ile ya hewa ya nje. Pwani presha hiyo hutoa joto la nyuzijoto 115. Katika mwinuko wa Nyamuswa hutoa kama 113. Tofauti ni ndogo lakini ipo, na kanuni ya wapishi wa nchi za milima ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600 za mwanzo. Kwa Nyamuswa inatosha kuongeza sehemu moja ya kumi: mapishi yanayosema dakika 60 yawe dakika 66.

Mhudumu wa afya ana sababu nyingine ya kuikumbuka namba 113. Mashine ya hospitali ya kuua vijidudu kwa mvuke hufika nyuzijoto 121 na kukaa hapo kwa dakika 15 au zaidi, baada ya hewa yote kuondolewa ndani yake. Jiko la umeme la presha halifiki huko. Lisitumiwe kutakasa mikasi ya kuzalishia wala kibanio chochote, hata kama zahanati imeishiwa njia nyingine, na hata kama chombo chenyewe kinang'aa kama cha maabara.

Kulipika paja

Kwa jiko la lita sita, kipande cha kilo moja na nusu kisicho na mfupa kinatosha. Kioshwe kidogo, kikaushwe kwa kitambaa safi, kisha uondolewe utando mweupe unaong'aa juu ya mnofu. Utando huo hauyeyuki vizuri hata kwa presha. Ukiachwa huikunja nyama kama ngozi ya ngoma.

Hapa pana tahadhari ambayo wauzaji husahau. Mnyama wa kuwindwa huuawa kwa risasi, na risasi nyingi hutengenezwa kwa madini yenye jina hilohilo. Inapopiga mfupa hupasuka, na vipande vingine, vidogo kuliko chembe ya chumvi, husambaa sentimita nyingi kutoka kwenye tundu la jeraha. Jicho haliwezi kuviona na kuosha hakuviondoi. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto na wa kichanga aliye tumboni, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nyama yote iliyochubuka kuzunguka jeraha ikatwe na kutupwa, pamoja na nyama safi ya pembeni yake, wala isipewe mbwa. Ndimu na siki huyeyusha madini hayo kwa urahisi zaidi, kwa hiyo nyama ya karibu na jeraha ikitiwa viungo vyenye uchachu hugeuka kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Bora kumwomba mwenye bucha kipande cha paja ambalo halikupigwa.

Kipande kikishakuwa safi, kitobolewe hapa na pale kwa ncha ya kisu na kupakwa kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, maji ya ndimu moja na chumvi kijiko kimoja cha chai. Kikae kwenye jokofu usiku kucha kama jokofu lipo. Kama halipo, nusu saa inatosha, na nyama isiachwe mezani zaidi ya hapo. Mchemsho wa kopo na vipande vya supu vya dukani vina chumvi nyingi. Mwenye shinikizo la damu hana sababu ya kuvitia katika nyama yenye ladha yake kamili.

Jiko liwashwe kwenye kitufe cha kukaangia, yatiwe mafuta vijiko vitatu, na nyama igeuzwe mpaka kila upande uwe wa kahawia iliyokolea, dakika nne au tano kwa upande. Hatua hii isirukwe. Mvuke hauwezi kutoa ladha ya kuchomwa, na paja lisilokaangwa kwanza hutoka likiwa la kijivu na la kuhuzunisha. Nyama iondolewe, vitunguu viwili na nyanya tatu vikaangwe katika mafuta yaleyale, kisha ymiminwe maji kikombe kimoja na nusu huku mwiko ukikwangua vyote vilivyoganda chini. Kikwanguliwacho hapo ndicho mchuzi. Kisipokwanguliwa, majiko mengi hugundua kwamba chini kunaungua na kujizima. Nyama irudishwe, na vyote kwa pamoja visizidi theluthi mbili za sufuria.

Mfuniko ufungwe, valvu iwekwe mahali pa kufungia, na muda uwe dakika 75. Mnyama mzee atahitaji 85. Muda ukiisha, jiko liachwe litulie kwa dakika 20 presha ishuke yenyewe. Wapishi wenye haraka hufungua valvu papo hapo, na windo huwaadhibu: presha inaposhuka ghafla, maji yaliyomo ndani ya nyama huchemka kwa nguvu na kutoka, na mnofu ambao ulikuwa laini hukauka mbele ya macho. Mvuke wenyewe huunguza mkono kwa sekunde moja. Mfuniko usilazimishwe kamwe. Jiko lisilofunguka lina presha. Watoto wakae mbali na waya, maana sufuria ya lita sita inayovutwa kutoka mezani humwagia mtoto maji ya moto sana, na majeraha ya namna hiyo yamejaa katika wodi za watoto hata bila majiko mapya kuongezwa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mpishi asifungue. Ganda la jiko hutunza joto kwa muda mrefu. Umeme ukirudi baada ya dakika chache, majiko mengine huendelea yalipoachia na mengine hudai kupangwa upya. Katika hali zote mbili muda uliobaki ukamilishwe. Ukikatika kwa saa kadhaa kabla nyama haijaiva, ni salama zaidi kuihamishia kwenye sufuria juu ya gesi au mkaa kuliko kuiacha ikae katika uvuguvugu.

Nyama iliyoiva hujulikana kwa uma: huingia bila kusukumwa. Ikatwe vipande kwa kukingama na nyuzi zake. Mchuzi uchemshwe wazi mpaka uwe mzito, au ziongezwe karoti na viazi na kupewa presha dakika tano. Ugali wa mtama na muhogo hauhitaji kitu kingine zaidi ya mboga ya majani.

Nani ale, na kiasi gani

Faida kubwa ya jiko hili haionekani kwenye sahani ya kijana mwenye meno 32. Inaonekana kwa mzee aliyekwisha kung'oka magego, ambaye kwa miaka mingi alipewa mchuzi tu huku nyama ikiliwa na wengine, na mwili wake ukapungua misuli. Inaonekana kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, anayehitaji madini ya chuma kuliko mtu yeyote nyumbani kwa uzito wake. Nyama iliyoiva hivi huchambuka kwa vidole na kusagwa ndani ya uji au viazi. Sehemu yake ichotwe kutoka katikati ya mnofu, mbali na mchuzi wenye chumvi. Mjamzito mwenye upungufu wa damu naye hufaidika, mradi nyama iwe imeiva kabisa hadi ndani, kwa sababu vimelea vya toksoplasma huishi katika nyama mbichi na hudhuru mimba. Kwa vimelea hivyo, na kwa mayai na malengelenge ya minyoo ya tegu, joto la jiko la presha ni zaidi ya linalotosha.

Mwenye jongo ana habari tofauti. Purini zinazomletea maumivu ya kidole gumba huhamia kwenye maji ya kupikia. Ale kipande kidogo na auache mchuzi, hata kama mchuzi ndio unaonukia. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kiasi cha protini alichopangiwa kliniki, kwani windo lina protini nyingi katika kipande kidogo.

Mabaki yasilale ndani ya sufuria iliyozimwa. Wapo bakteria wanaofunga mbegu ngumu, mbegu zikanusurika mapishini na kuzaana nyama inapopoa polepole usiku. Asubuhi chakula huonekana kizuri, na mchana nyumba nzima inaharisha. Nyama igawanywe katika vyombo vifupi ipoe upesi, iingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, na ipashwe moto mpaka ichemke kabla ya kuliwa. Pasipo na jokofu, ipikwe ya kumalizika siku hiyohiyo. Jirani hakosekani.

Kisichopikika

Neno mbegu ngumu linatufikisha kwenye swali la pili.

Kimeta husababishwa na bakteria ambaye, akikutana na hewa, hujifungia katika mbegu ya namna hiyo na kukaa kwenye udongo kwa miongo mingi akisubiri mnyama mwingine. Wanyama wala majani huipata malishoni. Nyumbu, pundamilia, swala, kiboko na ng'ombe hufa nacho, mara nyingi kwa ghafla, bila kuonekana kuugua. Ikolojia ya Serengeti na Ngorongoro inakifahamu kimeta kwa muda mrefu. Mwishoni mwa 2016 kiliua wanyamapori na mifugo katika Selela, wilaya ya Monduli, na watu wakaambukizwa. Nchini Uganda, mwaka 2004, kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Na katika wilaya ya Chama, mashariki mwa Zambia, mwaka 2011, wanavijiji walikula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa: wagonjwa walioshukiwa walifika 511, na watano walifariki.

Watu wa Chama hawakula nyama mbichi. Nyama ilipikwa. Ndiyo sababu mtu yeyote anayesema kwamba presha inamaliza kila kitu anapaswa kuulizwa: mnyama huyo alifikaje kwenye sufuria? Kabla ya moto kuna kisu. Kuna aliyemchuna, aliyebeba paja begani, aliyekatakata mezani, mtoto aliyeshika ngozi, na damu iliyomwagika kwenye ubao ambao jioni ulikatiwa mboga. Aina kubwa ya kimeta kwa binadamu, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, ni ile ya ngozi, na huingia kupitia mchubuko wa mkono ambao haujafika jikoni. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu Kenya na Tanzania katika mlipuko wa 2006–2007, huambukiza kwa njia hiyohiyo ya damu ya mnyama anayechinjwa, na bruselosi vilevile. Jiko bora kuliko yote linamlinda mlaji tu. Halimrudii aliyeshika kisu.

Wala mbegu za kimeta hazimalizwi kwa uhakika na joto la jikoni. Kuzikausha hakuziui: nyama iliyokatwa vipande virefu na kuanikwa, ambayo upande huu wa Serengeti huitwa kimoro, huzibeba kama ilivyozipokea. Mashine ya hospitali ya nyuzijoto 121 ndiyo inayoaminiwa kwa kazi hiyo, na hata hapo kwa muda uliopimwa. Jiko la 113 lililojazwa mnofu mnene si mahali pa kujaribia bahati.

Mnyama aliyekufa mwenyewe, awe wa porini au wa zizini, hasa aliyevimba upesi, asiyekakamaa vizuri, na anayetokwa damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, asipasuliwe. Kumpasua ndiko kunakowapa bakteria hewa ya kutengenezea mbegu. Afukuziwe mbwa na fisi, wazuiwe watoto, na aitwe afisa mifugo wa kata au askari wa wanyamapori. Kumzika kwa kina au kumchoma ni kazi yao. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa eneo hilo wapate chanjo ya kila mwaka, ambayo ni rahisi kuliko matibabu ya mtu mmoja.

Swali la kuuliza zahanati

Kwa mhudumu wa afya ugumu wa Nyamuswa, Nata au Mugumu ni huu: mgonjwa mwenye kimeta mara nyingi ana sababu ya kuficha alikokipata. Akisema alichuna nyumbu, anaogopa kwamba kadi yake ya matibabu itageuka hati ya mashtaka. Basi husema alijikwaruza kwa mti. Kidonda huandikwa kuwa jipu, hupewa dawa ya kupaka, na siku tatu hupotea.

Kidonda chenyewe husema ukweli kama kikiangaliwa. Huanza na kipele kinachowasha, siku moja hadi saba baada ya kushika mnyama. Huwa lengelenge, kisha katikati hugeuka kuwa kigaga cheusi kama mkaa, huku ngozi inayozunguka ikivimba sana. Hakiumi, na kutouma huko ndiko kunakomfanya mgonjwa achelewe. Kisipotibiwa, hadi mmoja kati ya watano hufa. Kikitibiwa mapema kwa viuavijasumu kama siprofloksasini au doksisaiklini, kifo ni nadra. Kisipasuliwe wala kukwanguliwa. Sampuli ichukuliwe kabla ya dawa kama inawezekana, lakini dawa isisubiri majibu. Mwenye homa kali, maumivu makali ya tumbo, kutapika au kuhara damu, au shingo iliyovimba baada ya kula nyama, hana muda wa kusubiri zahanati. Apewe rufaa siku hiyohiyo, iwe hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma.

Swali la kumfungua mgonjwa huyo liwe pana na lisiwe na harufu ya polisi. "Katika wiki mbili zilizopita, baba, umechinja, umechuna au umekata nyama ya mnyama yeyote, hata ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe?" Aulizwe faraghani, mlango ukiwa umefungwa, na aelezwe kwanza kwamba kinachotafutwa ni dawa inayofaa. Akikubali kwa kichwa tu, hilo linatosha kuanza tiba. Kisha aulizwe nani mwingine aliishika nyama hiyo na nani aliila, maana karibu kila mara kuna mwingine: mke aliyeiosha, shemeji aliyegawiwa paja, mwanafunzi aliyetumwa kuipeleka kwa bibi. Hao watafutwe siku hiyo, kabla vipele vyao havijaanza kuwa vyeusi. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa mara moja, na taarifa iende pia kwa afisa mifugo. Taarifa hiyo inahitaji kijiji, tarehe na aina ya mnyama. Nani alikuwa na kisu si sehemu yake.